UZI: Mtoto wako ana mbio na unataka apate chuo Marekani? Anza na cheti cha kidato cha nne, saa ya kocha ije baadaye

Mwalimu_Kiwanjani

Wakuu, habari za jioni.

Kila UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ikiisha simu yangu haipumziki. Mzazi wa Mabokweni, mjomba mtu wa Pongwe, mwalimu mwenzangu wa Muheza, wote wana swali lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto ana mbio, anapataje chuo Marekani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja WhatsApp. Naandika hapa, atakayeuliza nitamtumia huu uzi tu.

Mimi ni mwalimu wa michezo, shule ya kata nje kidogo ya jiji la Tanga. Sio wakala na sichukui hela ya mtu. Wenye uzoefu zaidi karibuni mkosoe.

Njia yenyewe sio ngeni kwetu. Suleiman Nyambui, yule wa medali ya fedha mita 5,000 Moscow 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, na alichukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Mkimbiaji mwenzake Gidamis Shahanga naye kapita pale pale. Leo ukifungua matokeo ya vyuo vya Marekani Wakenya wamejaa kila ukurasa, Mtanzania unamtafuta kwa tochi. Na miguu tunayo. Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu marathoni ya Berlin 2023 kwa 2:18:41. Tunachokosa ni makaratasi na mtu wa kuyaanza mapema.

Sasa twende taratibu.

Vyuo vya kule vinashindana chini ya vyama vitatu vikubwa. NCAA ndiyo kubwa, ina Daraja la I, la II na la III. Daraja la III halitoi ufadhili wa michezo kabisa, ukipata msaada pale ni kwa ajili ya masomo au hali ya familia. Halafu kuna NAIA, wengi ni vyuo vidogo, na NJCAA ambavyo ni vyuo vya miaka miwili, ukimaliza unahamia chuo cha miaka minne. Msidharau hivyo vya miaka miwili. South Plains pale Levelland, Texas, ni chuo cha miaka miwili na kimepitisha wakimbiaji wa nje wengi mno.

Ukitaka NCAA Daraja la I au la II, kuna ofisi yao inaitwa Eligibility Center, hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto anaruhusiwa kushindana. Kocha akikupenda vipi, wale wakikataa huvai jezi. Wanaangalia masomo ya msingi 16 ya sekondari, na kwa Daraja la I ni hivi: Kiingereza miaka minne, Hisabati miaka mitatu, sayansi, masomo ya jamii, na mengine ya kujazia. Wastani wa chini Daraja la I ni 2.3 kwenye kipimo cha 4.0, Daraja la II ni 2.2. SAT, mtihani wao wa kuingilia chuo, waliifuta kwenye masharti yao mwaka 2023, ila chuo chenyewe kinaweza kuidai, na mtihani wa Kiingereza karibu wote watakudai.

Hapo ndipo Hisabati inapotuua. Nina watoto hapa wanakimbia vizuri kweli kweli, ukifungua ripoti ya shule Hisabati F toka kidato cha kwanza. Mzazi hajali kwa sababu "mtoto wetu ni wa michezo". Huyo mtoto hata akishusha muda sekunde kumi, cheti kitamrudisha nyumbani. Kidato cha pili ndio muda wa kumtafutia mwalimu wa ziada wa Hisabati na Kiingereza. Kidato cha nne mwezi wa nane umechelewa.

La pili ni saa ya kuhesabu. Kwa miaka mingi sharti la Daraja la I kwa wakimbiaji ni kwamba baada ya tarehe uliyotakiwa kumaliza sekondari una mwaka mmoja. Ukiendelea kukaa nyumbani huku unashiriki mashindano rasmi, wanaanza kukukata misimu. Kwa hiyo huu mtindo wetu wa "akae kwanza miaka miwili mitatu ajifue, muda ushuke" unamla mtoto mwenyewe. Akimaliza shule, maombi yawe yameshaanza.

Naendelea kwenye muda na uwanja, ngoja nimalize kusahihisha madaftari.

Baharia_Sahare

Siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Endelea mwalimu.

Kichwa_Ngumu

Mkuu, bila kukukatisha tamaa, hizi ndoto za Marekani zimewapotezea watu muda. Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ. Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York 1989 kwa 2:08:01 alikuwa mwanajeshi. Mtoto aende JKT, aonekane, aajiriwe, akimbie huku ana mshahara. Nyie mnamtafutia chuo huko kwenye theluji wakati hata viza hana.

Mwalimu_Kiwanjani

@Kichwa_Ngumu sikupingi kwa hilo. Jeshi limelea riadha ya nchi hii kuliko taasisi yoyote, na kwa mtoto ambaye darasani hapandi, ningekuwa mjomba wake ningemwambia aende huko huko. Ila mtoto mwenye mbio na C za kutosha anaweza kurudi na shahada ya uhandisi hata kama goti litakataa akiwa na miaka 21. Hilo ndilo linanifanya niandike.

Kuhusu viza uko sahihi, na wote mlisome hili mara mbili: masharti ya viza ya Marekani yanabadilika kwa tangazo moja tu la rais wao. Kabla hujatoa hata shilingi elfu kumi kwa mtu au kwa mtihani wowote, fungua tovuti ya ubalozi wao wa Dar es Salaam uone viza ya wanafunzi, F-1, kwa Mtanzania iko kwenye hali gani siku hiyo. Mlango ukiwa umefungwa mwaka huu, mtoto aendelee kusoma na kuweka muda wake sawa. C ya Hisabati haiozi.

Haya, uwanja.

Wiki iliyopita kaja kijana na kocha wake wa mtaani, wananiambia kakimbia mita 1,500 kwa dakika 3:40. Nikawauliza wapi. "Uwanja wa shule, mwalimu, mizunguko minne, tukamalizia pale pale golini." Nikawauliza mizunguko ya nini. Ya mistari ya uwanja wa mpira.

Wakuu, uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ukiuzunguka kwenye mistari yake unapata mita 346. Minne ni 1,384. Yule kijana hakukimbia 1,500. Kwa mwendo ule ule, 1,500 yake ni 3:58, tena ukichukulia kwamba hachoki mita 116 za mwisho, na zile ndizo zinazochosha. 3:58 kwa kijana wa kidato cha tatu, peku, kwenye mchanga, ni muda mzuri sana! Lakini ukimwandikia kocha wa Marekani 3:40, atatafuta jina lako kwenye matokeo, hataliona, ataona unaongopa, na barua pepe yako haitafunguliwa tena.

Kwa hiyo nunua au azima futi ndefu ya mafundi ujenzi, ile ya mita 50. Pima mita 400 kamili, weka vigingi. Hali ikiruhusu mpelekeni mtoto Dar akimbie Uwanja wa Benjamin Mkapa kwenye tatani, ile njia ya mpira ya kukimbilia, mashindano yanayotambuliwa na Riadha Tanzania, ili muda wake uandikwe mahali mtu mwingine anaweza kuuona. Muda mmoja ulioandikwa na waamuzi una uzito kuliko kumi ya kocha mwenye simu.

Na video: mbio nzima toka mwanzo mpaka mwisho, bila kukata, saa ionekane. Nyimbo za Bongo Fleva juu yake msiweke.

Msambaa_wa_Soni

Mwalimu, sisi huku milimani mnatusahau. Watoto wa Lushoto wanapanda na kushuka kila siku kwenda shule, mapafu yao ni ya bure kabisa. Kwa nini msiwalete wa Tanga mjini wakae kambi huku? Ukanda wa juu ndio siri ya Wakenya.

Mwalimu_Kiwanjani

@Msambaa_wa_Soni ndugu yangu, Lushoto mjini ni kama mita 1,400 hivi. Faida ya hewa nyepesi watu wanaanza kuizungumzia kuanzia karibu mita 2,000. Lakini nakubali kwa sababu nyingine: baridi na vilima. Tanga mjini Januari, kaskazi inavuma na jua limesimama, mtoto hawezi kukimbia kilomita 12 za maana ikishafika saa mbili asubuhi. Anakimbia jasho tu. Kwenu anaweza kufanya mazoezi marefu mpaka saa nne. Likizo ya Desemba ningekuwa na nauli ningewaleta wote.

Kwa mjini ninachofanya ni hiki: tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ya kwenda Raskazone, kabla pikipiki hazijaanza. Mazoezi ya kasi tunayapeleka jioni baada ya saa kumi na moja. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga wanakimbia polepole kabla ya futari na kasi tunaifanya usiku, saa mbili baada ya kula, na mwezi ule tunapunguza kiasi. Hakuna kupima muda Ramadhani. Na kusi ikivuma msimpime mtoto kwenye barabara ya ufukweni upande mmoja halafu mkafurahia. Upepo wa mgongoni sio miguu yake.

Kitu kingine: acheni kuwapeleka watoto wa miaka 16 mbio za kilomita 21 kwa ajili ya bahasha. Kocha wa chuo anataka kujua mita 800, 1,500, 3,000 kuruka viunzi na maji, 5,000. Nusu marathoni ya mtoto haimsaidii, na pesa za zawadi zina masharti yake kwa anayetaka kucheza vyuoni. Ukipokea chochote tunza karatasi yake, na usisaini mkataba wowote na wakala wa wanariadha. Ukisaini umejifungia mlango.

MamaSwaumu_Tga

Mwalimu shikamoo. Nina binti kidato cha tatu, mwaka huu alifika mkoa mita 1,500. Nina mambo mawili. La kwanza, cheti cha kuzaliwa cha RITA jina la baba limeandikwa Rajab, shuleni wameandika Rajabu, na tarehe ya kuzaliwa zimepishana mwaka mmoja maana mwalimu mmoja huko nyuma alimpunguza umri ili acheze. Je ina shida? La pili baba yake hataki kusikia habari ya mtoto wa kike kukimbia na kaptula mbele za watu.

Mwalimu_Kiwanjani

Marahaba mama Swaumu. Hilo la kwanza ndilo kubwa kuliko unavyodhani.

Eligibility Center, chuo, na ubalozi wote wataweka karatasi tatu mezani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA, pasipoti. Herufi moja ikipishana maswali yanaanza. Mwaka ukipishana inakuwa kesi, kwa sababu udanganyifu wa umri kwa wakimbiaji wa Afrika Mashariki wanaujua toka zamani, na umri ndio unaopiga hesabu ya ile saa niliyoisema. Nenda shuleni kesho na cheti cha RITA, waandike jina na tarehe kama zilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne. Baada ya cheti cha NECTA kutoka utaanza safari za hati za kiapo na mawakili, na tarehe ya kuzaliwa ni ngumu kuliko jina. Pasipoti ifuate mwisho, ni shilingi 150,000 pale Uhamiaji, isitolewe kwenye jina bovu. Na mwalimu aliyempunguza umri alidhani anamsaidia kushinda mechi moja.

La baba, mwambie hivi bila kugombana naye: London 2012 Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 kichwa kimefunikwa na mwili umefunikwa, mbele ya uwanja mzima. Na alikuwa mwanafunzi wa chuo cha California, Pepperdine. Mavazi yanapatikana. Binti wangu wawili hapa wanakimbia na suruali ndefu na mtandio wa kubana na hakuna aliyewafukuza.

Mstaafu_wa_Nyika

Naomba nichangie maana nimepita huko. Nilikimbia chuo cha miaka miwili kwanza, halafu NCAA Daraja la II. Nimezaliwa Makorora, barabara naijua.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kule riadha ni timu. Mbio za nyika, wanapanga saba, wanahesabu nafasi za watano wa kwanza wa timu, jumla ndogo ndiyo inashinda. Mimi nilizoea ya kwetu, unakimbia wewe na Mungu wako, ukishinda umeshinda. Siku ya kwanza nilitoka mbele kama niko Mkwakwani, kilomita ya sita nikafa, nikamaliza wa 90 na kitu. Kocha hakunigombeza kwa kushindwa, aligombeza kwamba nimeharibu hesabu ya wenzangu. Wanaume mnakimbia kilomita 8 msimu wa kawaida, kwenye ubingwa wa Daraja la I ni kilomita 10, wanawake kilomita 6. Halafu Desemba mpaka Machi mnaingia ndani ya ukumbi, uwanja wa mita 200 wenye kona kali, na masika yao mnatoka nje tena. Misimu mitatu kwa mwaka. Mtoto aliyezoea kukimbia UMISSETA tu kwa mwaka, mwili unamshangaa.

Kwa hiyo kocha anapokupigia video usijisifu muda peke yake. Mwambie umewahi kukimbia na wenzako, umewahi kuongoza kikosi, unaamka mwenyewe. Wanaogopa sana mtoto atakayefika halafu alie kurudi nyumbani wiki ya tatu.

Na hela. Wakikwambia "ufadhili" uliza asilimia ngapi, uliza imeandikwa wapi. Kwenye riadha kocha anagawa fungu, mmoja anapata yote, mwingine robo. Tuseme chuo ni dola 40,000 kwa mwaka na wamekupa asilimia 60. Unabaki na dola 16,000, kama shilingi milioni 40 hivi. Chuo hakitakupa fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uonyeshe kwa karatasi za benki hizo dola za kubakia zinatoka wapi. Nimeona familia ikiuza shamba la machungwa Muheza kwa ajili ya hiyo, na mwaka wa pili hakuna tena cha kuuza.

Na ukipewa chumba na chakula bure, serikali yao inahesabu hicho kama kipato kwa mwanafunzi wa F-1, wanakata asilimia 14. Mimi bili ya kwanza ilinikuta sina hata dola ishirini. Muulizeni kocha hilo mapema, vyuo vingine vinalibeba, vingine hapana.

Baharia_Sahare

Duh. Hili la asilimia 14 sijawahi kulisikia popote. Sasa vipi hawa jamaa wanaopita mashuleni wakisema wana makocha Marekani, unalipa milioni moja na nusu wanakutafutia chuo?

Mwalimu_Kiwanjani

Asante @Mstaafu_wa_Nyika, umeongea mambo ambayo mimi nayasoma tu.

@Baharia_Sahare, hao wapo na mmoja ameshapita shuleni kwetu na suti na picha za wazungu kwenye simu. Sheria ya NCAA ni kwamba mtu wa kukutafutia chuo anaweza kukutoza ada ya huduma iliyojulikana toka mwanzo, lakini haruhusiwi kulipwa kwa kigezo cha kwamba umepata chuo, wala asilimia ya ufadhili wako. Anayesema "nilipe nusu sasa, nusu ukipata chuo" anamweka mtoto kwenye hatari ya kufungiwa. Na kazi anayokuuzia unaweza kuifanya mwenyewe na bando la elfu tatu: barua pepe za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo, ukurasa wa timu ya mbio za nyika, upande wa benchi la ufundi.

Kabla hujaandika, ingia kwenye tovuti ya matokeo ya vyuo, TFRRS. Chagua chuo, angalia mkimbiaji wao wa tano na wa saba wana muda gani. Kama wewe unamzidi wa tano, una hoja. Kama hata wa saba anakuacha kwa sekunde ishirini, tafuta chuo kingine. Na nafasi zimebana: tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025 kuhusu vyuo kulipa wanamichezo wao, vyuo vya Daraja la I vilivyoyakubali vina ukomo wa wakimbiaji 17 kwenye kikosi cha mbio za nyika. Kocha hatampa nafasi mtoto wa kubahatisha.

Mnauliza sana muda gani unatosha. Makadirio yangu mimi, kwa kuangalia matokeo: mvulana wa nje anayetaka Daraja la I lenye nguvu awe karibu na 1:50 mita 800, au 3:45 mita 1,500, au 14:00 mita 5,000. Msichana 2:08, 4:25, 16:30. Kwa NAIA, Daraja la II na vyuo vya miaka miwili mvulana wa 3:55 au msichana wa 4:40 anasikilizwa, hasa akiwa na vyeti vizuri na umri mdogo. Kocha ananunua mtakachokuwa baada ya miaka miwili.

MamaSwaumu_Tga

Nimeenda shuleni, jina wamerekebisha, tarehe wanasema mpaka mkuu wa shule arudi. Baba yake nimemwonyesha picha ya huyo wa Saudia, kanyamaza. Kunyamaza kwake ni nusu ya ndio.

Mwalimu swali la mwisho: binti huyu toka mwezi wa tano anachoka. Mizunguko miwili anahema. Tulipima malaria hakuna.

Mwalimu_Kiwanjani

Mama, mpeleke apimwe damu, wingi wa damu na madini chuma kama wanaweza. Wasichana wanaokimbia wanapungukiwa chuma sana. Niambie anakula nini: kama asubuhi ni chai na andazi, mchana hamna kitu shuleni, usiku bada (ugali wa muhogo) na mchuzi, basi mwili unajila. Aongezewe dagaa, maharage, mchicha, na ile chai ya rangi isiambatane na chakula, inazuia chuma kuingia. Anywe baadaye.

Na muulize wewe, sio mimi: siku zake za mwezi anaziona? Makocha wengine wa kiume wanafurahia zikikatika wanasema ndio mazoezi yamekolea. Uongo. Ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa mazoezi anayofanya, na mifupa itavunjika. Mpumzishe wiki mbili mpaka majibu yatoke.

Kichwa_Ngumu

Aisee mwalimu, nimebadilika kidogo. Kidogo tu. Bado JKT.

Dogo_1500

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye yule wa uwanja wa mpira 😅. Tulipima mita 400 kwa futi, nikarudia, nimepata 4:02. Nimeandika barua kwa Kiswahili kwanza, naomba mnisahihishe kabla sijaigeuza Kiingereza:

"Mpendwa Kocha, natumaini u mzima wa afya njema na Mungu anazidi kukulinda pamoja na familia yako. Mimi ni kijana kutoka familia duni sana nchini Tanzania. Toka utotoni ndoto yangu ni kuwa bingwa wa dunia. Nakuomba unisaidie kwa ufadhili kwani wewe ndiye tumaini langu pekee. Muda wangu ni mzuri. Nakuahidi sitakuangusha."

Mstaafu_wa_Nyika

Dogo, kocha ana barua mia kama hiyo na hakuna hata namba moja ndani yake. Anatafuta namba.

Mwalimu_Kiwanjani

Marahaba dogo. 4:02 ya kweli nimeipenda kuliko 3:40 ya kwanza. Mstaafu kasema kweli. Familia duni, ndoto na tumaini pekee toa. Andika hivi:

"Kocha [jina la ukoo, sio 'Mpendwa Kocha'], naitwa fulani, niko kidato cha tatu, Tanga, Tanzania, nimezaliwa mwaka fulani, namaliza sekondari Novemba mwakani. Mita 1,500: 4:02, saa ya mkono, uwanja wa udongo uliopimwa mita 400, tarehe fulani. Mita 5,000: muda fulani. Naishi usawa wa bahari, joto nyuzi 30, na nakimbia kilomita 50 kwa wiki. Hisabati C, Kiingereza B, ripoti ya shule nimeambatanisha. Video ya mbio nzima iko hapa. Nimeona mkimbiaji wenu wa tano ana muda fulani. Natarajia kufika hapo kabla ya kumaliza shule. Mwalimu wangu wa michezo ni fulani, barua pepe yake hii."

Sentensi tisa, basi. Kilomita 50 niliziweka mimi, andika za kwako za kweli. Usitume kwa Daraja la I bado. Tafuta vyuo ishirini vya miaka miwili na NAIA, kila barua iwe na jina la kocha wa chuo kile na muda wa mkimbiaji wa chuo kile. Ukituma barua moja kwa wote ishirini kwa mkupuo wataiona. Kidato cha nne utakapofika chini ya 3:55, unawaandikia wale wale tena, unaanza na "Kocha, mwezi fulani nilikuwa 4:02."

Na C ya Hisabati iliyopo kwenye ripoti yako, mwalimu wako wa Hisabati kaniambia ni ya kusukumwa. Kesho saa tisa uje ofisini na daftari lako la Hisabati kabla ya mazoezi.

Dogo_1500

Sawa mwalimu 😭 nakuja.